Chemchemi ya Ugomvi

Threapkeld,
11 Septemba 1962

Mdogo wangu Edmund,

Usishtuke kupata barua yangu kabla ya Krismasi, hajafa mtu. Aliyenituma ni kasisi wetu mpya, Bwana Pickersgill. Ni kijana mwenye haraka za mjini, na amejitia kichwani kwamba sikukuu ya kanisa ya mwakani haiwezi kufana bila kijitabu cha historia ya kijiji. Mke wa Jos Tallentire ataandika habari za shule ya zamani, Bwana Pickersgill mwenyewe ataandika habari za kanisa, na mimi nimebebeshwa mapishi. Umebaki ukurasa mmoja tu: jina la kijiji limetoka wapi. Mtu akamnong'oneza kwamba sisi akina Capstick tuna ndugu mwalimu wa historia huko Exeter, na tangu siku hiyo sina raha.

Sasa nisikilize kabla hujaanza kunoa kalamu. Hapa kila mtu anajua kwamba Threapkeld ni chemchemi ya matufaha matatu. Dada watatu walipanda mitufaha mitatu pale chini, "three apples" ikatafunwa na vinywa vya watu mpaka ikawa Threap, na sisi tukawa tunaangusha matufaha matatu majini kila siku ya Mtakatifu Mikaeli. Baba hakukosa hata mwaka mmoja. Tufaha la kaka Amos, tufaha langu, tufaha lako. Lako ndilo lililokuwa likitangulia siku zote kuukimbilia mfereji, na baadaye nikawa najiambia kwamba tungejua mapema kuwa utatuacha.

Najua una lako. Kila aliyekuwepo kwenye chai ya msiba wa Baba anajua kwamba una lako. Kasisi wa wakati ule hakuwa hata amemaliza kuisimulia hadithi ya matufaha, wewe ukasimama na kikombe chako mkononi ukamsahihisha mbele ya watu. Amos akakuambia urudi kwenye vitabu vyako. Ukarudi. Ni miaka kumi na mmoja sasa, na posta yenu ni mimi. Nimechoka, Edmund.

Amos anakohoa. Anasema ni vumbi la nyasi. Mwaka huu hakumaliza kukata zile za bondeni, Jos ndiye aliyekuja kumalizia. Sisemi zaidi, kwa kuwa amenikataza.

Andika huo ukurasa, ila uwaachie watu matufaha yao.

Dada yako,
Dinah

*

Exeter,
23 Septemba 1962

Dada Dinah,

Salamu nyingi. Ukurasa huu hapa, nimeuandika kwa lugha nyepesi ili Bwana Pickersgill asiwe na la kulalamika.

Matufaha siwezi. Nisamehe. Hakuna mtufaha uliowahi kuota kwenye upepo ule, na Baba mwenyewe alijaribu mara ngapi? Jina ni la kale kuliko kanisa. "Keld" ni chemchemi, neno lililoletwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari na kuja kukaa kwetu. "Threap" ni ugomvi. Parokia mbili ziligombania maji yale, wa juu wakisema yetu, wa chini wakisema yetu, na yaelekea watu waliumizana. Kwa hiyo sisi sote tumezaliwa Chemchemi ya Ugomvi. Ukitazama familia yetu, huwezi kusema waliotoa jina walikosea.

Hayo ni mzaha, lakini mzaha mchungu. Unadhani sikumbuki chai ile? Nakumbuka hata joto la kikombe. Nilitaka kuonyesha kwamba nimesoma, na sikuona kwamba Amos alikuwa amemzika baba yake saa moja tu iliyopita. Lakini na yeye aliniambia niondoke kwenye nyumba niliyozaliwa, Dinah. Tangu hapo hajaniandikia hata mstari.

Hicho kikohozi kikoje? Mwambie amwone daktari. Na kama anataka nije, aseme yeye. Akiniita kwa kinywa chake, nitakuja.

Ndugu yako,
Edmund

*

Threapkeld,
20 Oktoba 1962

Mdogo wangu,

Nimemsomea Amos ukurasa wako baada ya chakula, naye kanyoosha miguu mbele ya moto na mbwa juu ya miguu. Nakuandikia alivyosema ili usidai nimepunguza.

"Kamaliza?"

"Kamaliza."

"Hakuyataja matufaha?"

"Kayataja. Kasema ni hadithi ya watoto."

"Basi na mimi mtoto. Soma tena pale pa ugomvi."

Nikasoma tena.

"Waliumizana! Nani aliumizana? Kwa maji? Maji yanayomwagika mchana na usiku mpaka bata wanachoka? Muulize huyo bwana mkubwa, tangu aondoke hapa anakunywa maji gani, mpaka ulimi umekuwa mzito hivyo."

Kisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamletea maji. Ya pale pale.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya wachungaji kurudishiana kondoo waliopotea. Amos hakuweza kupanda mlimani. Ni mara ya kwanza tangu avae suruali ndefu. Basi Jos akamletea kondoo mmoja hadi mlangoni, na wakapiga threap yao ya kila mwaka: huyu sikio lake limekatwa kwa mbele, alama yetu, hapana, limekatwa kwa nyuma, alama yetu, hapana, hilo limeraruliwa na waya, wewe Jos una macho ya fuko. Walitupiana maneno mpaka chai ikapoa. Jos alipoondoka Amos alikuwa na rangi usoni, akala viazi viwili.

Bwana Pickersgill ameuweka ukurasa wako mfukoni na hajui la kufanya nao. Anaogopa akiuchapa Amos atajiuzulu uzee wa kanisa, na asipouchapa wewe utanuna. Nimemwambia kununa ni kipaji cha ukoo.

Daktari amekwisha kumwona. Amempa dawa ya chupa. Njoo, Edmund. Huna haja ya kuitwa nyumbani kwenu.

Dinah

*

Exeter,
4 Novemba 1962

Dada Dinah,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara naishia kwenye maji. Ninakunywa maji gani. Ni mjuzi huyo, anajua pa kugusa. Kwa maneno mengine, mimi si mtu wa pale tena na sina haki ya kulisema jina.

Ukurasa ni wake kasisi, autumie au auwashie moto. Mimi sibadilishi kitu cha kweli kwa sababu mtu mmoja amekasirika.

Lakini kuja ni jambo jingine. Unasema sina haja ya kuitwa. Ninayo. Mtu aliyefukuzwa haingii tena kwa kusukuma mlango. Nimengoja neno moja kutoka kwake, sihitaji msamaha wala hotuba. Muulize waziwazi: ana neno lolote kwangu? Chochote atakachosema, kiandike kama kilivyo, usikipake sukari.

Edmund

*

Threapkeld,
28 Desemba 1962

Edmund,

Naandika mbio, Jos yuko mlangoni na trekta na anasema huenda ikawa safari ya mwisho kwenda mjini. Theluji ilianza usiku wa Krismasi na haijapumzika. Ukuta wa bondeni hauonekani. Kondoo wa Jos wamefukiwa, wanawatafuta kwa fimbo ndefu na mbwa.

Amos analala chini sasa, karibu na moto, tumemshushia kitanda. Amempa mtoto wa Jos mbwa wake amtunze.

Nilisita wiki nyingi, lakini nimemuuliza kama ulivyotaka: una neno kwa Edmund? Alijigeuza kitandani akatazama moto. Halafu akasema, "Mwambie bado nina threap naye."

Ndivyo alivyosema, sikuongeza kitu. Treni zinafika mjini. Ukija Jos atakupokea. Ananipigia honi.

D.

*

Exeter,
5 Januari 1963

Dada mpendwa,

Nimepata ujumbe wa Amos. Ahsante kwa kuuandika bila kuupamba, nilikuomba mwenyewe.

Nikwambie kweli, mkoba ulikuwa tayari. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni na nimeuliza saa za treni, maana nilijua ungenijibu na nilikuwa na hakika kwamba amelainika. Mtu mgonjwa, Krismasi, theluji. Nilijiona mjinga nilipokuwa nikitoa soksi mkobani.

Bado ana ugomvi nami. Sawa. Baada ya miaka yote hii, akiwa kitandani, akiwa na nafasi ya kusema neno moja, hilo ndilo alilolichagua. Tena kalichukua neno langu mwenyewe kutoka kwenye ukurasa wangu, akanirushia usoni. Sina chuki. Nimeumia tu, na ninakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Siji, Dinah. Sitaki kusimama mbele ya kitanda cha mgonjwa na kumpandisha hasira. Akipona, na theluji ikiyeyuka, wewe njoo huku. Utaiona bahari.

Edmund

*

Threapkeld,
19 Januari 1963

Mdogo wangu,

Sijui barua hii itatoka lini, wala sijui yako iko wapi. Posta haijapanda huku tangu mwaka mpya na waya za simu zimelala chini. Jos anasema huenda umekwama njiani, York au mjini kwetu, unangoja barabara. Mimi namwambia Amos hivyohivyo: amekwama, anakuja.

Nimekutandikia kile chumba cha nyuma. Chupa ya maji moto naiweka kila jioni na kuitoa kila asubuhi, nimekuwa kichekesho.

Laiti ungemwona Amos! Anajiandaa. Amenituma kwenye sanduku la Baba nimtafutie ile picha ya mtufaha uliochanua mwaka mmoja kabla ya vita, ule uliokufa. "Atasema hauoti kwenye upepo," anasema. "Nitamwonyesha hii. Atajibu nini?" Halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti yako, ile ya puani: "Mtufaha mmoja si mitatu, kaka." Halafu anakujibu wewe. Anachoka upesi lakini hataki kuacha. Jana akaniambia, "Dinah, akifika usimpe chai kwanza. Mlete hapa na koti lake."

Amenitaka nisogeze kitanda ili aone njia kupitia dirishani. Njia haionekani, ni weupe mtupu, lakini anaitazama.

Usikawie.

Dinah

*

TELEGRAMU
9 Februari 1963

AMOS AMETUTOKA ALFAJIRI. WANACHIMBA NJIA YA KANISANI. DINAH.

*

Threapkeld,
11 Machi 1963

Edmund,

Theluji imeondoka. Juzi mtu wa posta alipanda na mfuko mzima wa barua za majira ya baridi, na barua yako ya Januari ilikuwa humo. Ile niliyokuandikia katikati ya theluji Jos alishuka nayo mjini baada ya maziko, bila shaka nawe umeipata sasa.

Siku ya maziko sikukusemesha. Ulisimama ng'ambo ya kaburi na viatu vyako vya mjini, na mimi nilikuwa nikikutazama na kusema moyoni, huyu kaitwa hakuja, leo amefuata nini? Chai nilikupa kwa sababu kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Ulipoaga sikukuambia ulale. Chumba kilikuwa kimetandikwa, Edmund, na nilikuacha uondoke kwenye baridi ile.

Sasa nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi, sijui nimekaa muda gani.

Ugomvi! Uliandika ugomvi! Ni nani aliyekufundisha neno hilo? Si sisi. Sisi tukigombana tunasema tumegombana, tunanyamaza, tunafungiana milango, kama mlivyofanya ninyi wawili. Threap ni kitu gani, umesahau? Ni Baba na babu yake Jos juu ya ukuta, kila mmoja na lake kuhusu mvua, wala hawataki kwenda kula. Ni wewe na Amos mkiwa vitandani, kama nyota ile inakwenda au imesimama, mpaka Mama anapiga dari kwa ufagio. Ulikuwa ukirudi kutoka shuleni unamtafuta zizini: "Amos, nina threap nawe!" Na yeye anaacha kukamua. Huwezi kupiga threap na mtu usiyempenda. Ni ubishi, Edmund. Ni ubishi wa watu wanaotakana.

"Bado nina threap naye." Alikuwa anakuita. Kwa kinywa chake, kama ulivyotaka.

Nami ningeweza kuongeza mstari mmoja tu. Ningeandika, anasema uje. Lakini ulinikataza kupaka sukari, Jos alikuwa akipiga honi, na haikunijia kabisa kwamba neno lile linahitaji kutafsiriwa kwa mtu wa nyumba hii. Hata ugonjwa sikukuambia ulivyo. Daktari alikwisha kutuambia tangu Agosti. Amos aliniapisha nisiseme, alitaka uje kwa ajili ya threap, si kwa ajili ya mapafu.

Sikulaumu wewe tu. Najilaumu na mimi. Lakini siwezi kusema kwamba haijauma.

Dinah

*

Exeter,
17 Machi 1963

Dada yangu,

Sina cha kujitetea. Nilipoisoma barua yako niliisikia sauti yangu ya utotoni ikisema maneno yale zizini, nikasikia na harufu ya maziwa, na nikashangaa kwamba nilikuwa nayo wakati wote na sikuifungulia mlango. Nimelisoma neno lile vitabuni muda mrefu mno. Vitabuni limekauka. Wanaandika: shindano, mgogoro, ugomvi. Nami nikawaamini watu ambao hawajawahi kukaa juu ya ukuta wetu.

Barua yako ya theluji nilikuwa nimeipata wiki moja baada ya maziko. Chupa ya maji moto. Nilifika pale pa "mlete hapa na koti lake" nikaiweka kabatini, nikaenda kufundisha, sijui nilifundisha nini. Sikuelewa. Nilidhani mgonjwa alikuwa amebadilika mawazo mwishoni, na kwamba nilichelewa kwa sababu ya posta. Hilo niliweza kulibeba. Hili ulilonieleza sasa silijui litabebwaje.

Siku ya maziko, kwenye chai, Bwana Pickersgill alisimama akasimulia habari ya matufaha matatu. Alinitazama, maskini, kama anayengoja kofi. Sikusema kitu. Kila mtu alidhani nimejifunza adabu. Kumbe nilikuwa nikisubiri, Dinah. Nilisubiri Amos aseme kutoka upande ule wa meza, "Haya, bwana mkubwa, anza." Badala yake wakaleta keki.

Nimeandika ukurasa mpya. Ni mfupi. Nimesema kwamba Threapkeld ni chemchemi ya ubishi. Wachungaji wa juu na wa chini walikutana hapo kubishania kondoo ni wa nani na maji ni ya nani, na walirudi kila mwaka bila kuafikiana, kwa kuwa wangeafikiana wasingekuwa na sababu ya kuonana. Sina ushahidi wowote wa hilo. Wenzangu wa vitabu watanicheka. Mwishoni nimeweka matufaha, la Amos, lako na langu, na nimeandika kwamba langu lilikuwa likiukimbilia mfereji kabla ya mengine, kana kwamba lilijua.

Mpe kasisi. Ukitaka kufuta kitu, futa.

Ndugu yako,
Edmund

*

Threapkeld,
25 Machi 1963

Edmund,

Ukurasa wako nimeusoma, na Jos nimemsomea. Jos kasema ni mzuri ila maji ni ya watu wa juu, hilo lisingepaswa kuachwa hewani. Mimi nikasema ni ya chini. Hatukumaliza.

Lakini mwishoni umekosea. Kosa ni langu kwanza, niliyekuambia hivyo mwezi wa Septemba. Nimemwuliza Jos, maana alikuwa akicheza nasi pale, akanikumbusha kitu. Tufaha lako halikuwa likikimbilia popote. Lilikuwa dogo kuliko yetu, likizunguka tu pembeni kwenye majani, na wewe ulikuwa ukianza kulia. Amos ndiye aliyekuwa akijipenyeza nyuma ya mawe na fimbo ya Baba, analisukuma taratibu mpaka linafika kwenye mkondo, ili ushinde. Kila mwaka. Akamtisha Jos kwamba akisema atamtumbukiza majini.

Kwa hiyo hilo la "kana kwamba lilijua" nimelifuta. Halikujua kitu, lilisukumwa.

Njia imefunguka. Kitanda cha chumba cha nyuma sijakikunja. Mitufaha haioti hapa, unasema, nami nina picha mkononi inayosema imewahi kuota. Usinijibu kwa barua.

Nina threap nawe.

Dinah